Ampu inavuma ukitumia lupu ya efekti: kumsaka mchawi hatua kwa hatua

Malalamiko huwa yaleyale. Ampu ilikuwa kimya, ukachomeka pedali za mwangwi, dilei na riverbu, kwenye matundu mawili ya nyuma, na tangu hapo kuna mvumo usioisha. Ukiuliza kwenye bendi utaambiwa ununue nois geti, pedali inayofunga sauti ukiacha kupiga. Ukiuliza dukani utauziwa adapta mpya. Huenda kimojawapo kikasaidia, lakini utakuwa umelipia kubahatisha. Kelele ya lupu husakwa kwa kukata njia ya sauti kipande kwa kipande mpaka ujue inaingilia wapi. Vifaa vya kazi hiyo ni kebo moja fupi, jeki moja uliyoiua makusudi, na masikio yako. Ukishapajua inapoingilia, dawa yake mara nyingi ni ya bei ndogo au ya bure kabisa.

Lupu inakaa wapi

Ampu ya gitaa ina sehemu mbili. Priampu hupokea sauti hafifu ya gitaa, huikuza na kuipa rangi kwa geini, besi na trebo. Pawa huipa nguvu ya kusukuma spika. Lupu ni mlango uliofunguliwa kati ya sehemu hizo. Tundu lililoandikwa SEND hutoa sauti iliyokwisha kupita priampu, na RETURN huirudisha ndani iende kwenye pawa. Ampu ya Fender Hot Rod Deluxe huyaita PREAMP OUT na POWER AMP IN, ila kazi ni ileile. Dilei na riverbu hupendeza hapo kwa sababu zinakuja baada ya distoshani ya ampu, hazichafuliwi nayo.

Shika jambo moja ambalo wengi hawalijui: kwenye ampu nyingi, usipochomeka kitu chochote nyuma, sauti huvuka kutoka SEND kwenda RETURN kwa kupitia swichi ndogo iliyo ndani ya tundu lenyewe la RETURN. Ni kibati tu kinachogusana na kibati kingine. Ukiingiza jeki, kibati kinasukumwa na njia hiyo inakatika. Vibati hivyo vikipata vumbi na kutu, hasa sehemu za pwani zenye chumvi hewani, ampu hukwaruza na kupoteza sauti hata kama hujawahi kuitumia lupu maishani.

Kwanza umeme, halafu muziki

Ampu ya valvu ina volti kati ya 300 na 500 za DC ndani yake, na kapasita zake hubaki na chaji hata baada ya kuchomoa plagi ukutani. Karibu kila kitu nitakachoeleza kinafanyika bila kufungua bati la ampu. Panapohitaji kufunguliwa, mpe fundi wa ampu, si fundi yeyote mwenye bisibisi.

La pili ni ethi, ule waya wa usalama unaokwenda ardhini. Kuna ujanja wa siku nyingi wa kung'oa mguu wa ethi kwenye plagi ya ampu. Mvumo unakoma, watu wanapiga makofi. Usifanye. Ethi ndiyo inayofanya fyuzi ikatike pale waya wa moto unapogusa bati la ampu. Bila hiyo, bati lote linabeba umeme, na nyuzi za gitaa nazo, kwa kuwa zimeunganishwa na bati kupitia kebo. Unachosubiri ni mdomo kugusa maikrofoni. Les Harvey, mpiga gitaa wa Stone the Crows, alikufa jukwaani Swansea mwaka 1972 kwa kushika maikrofoni isiyokuwa na ethi sahihi huku gitaa likiwa mikononi.

Huku kwetu tatizo mara nyingi huanzia nyuma zaidi: ethi haipo kabisa. Soketi ina matundu matatu, lakini ndani ya ukuta zimepita nyaya mbili. Au ampu ni ya mtumba kutoka Japani ya volti 100, au kutoka Marekani ya volti 120, na inakaa kwenye transfoma ya kushusha umeme yenye tundu la miguu miwili tu. Ethi inaishia hapo kwenye transfoma. Ukihisi nyuzi za gitaa zinawasha vidole, au multimita ikisoma volti mia na kitu kati ya bati la ampu na ethi ya kweli, acha habari za lupu kwanza. Mwite fundi umeme. Ethi ikikaa sawa, huenda na mvumo ukaondoka naye.

Sikiliza kabla hujagusa

Kelele si moja. Kuna mvumo mzito wa chini, *mmmm*. Kuna ule mkali wenye meno, *zzzz*, ambao una umeme uleule ndani yake pamoja na sauti nyingi za juu. Kuna *shhh* ya mafuta yanayokaanga, ambayo haina noti. Kuna mikwaruzo inayokuja ukigusa jeki. Na kuna *bip-bip-bip* ya simu inayotafuta mtandao. Hiyo haina utafiti, isogeze simu mbali.

Mvumo unaweza kuupima kwa gitaa lenyewe. Tyuni vizuri, kisha piga uzi mnene wa E kwenye freti ya 3. Hiyo ni G ya hezi 98. Umeme wetu Afrika Mashariki ni wa hezi 50, kwa hiyo mvumo unaoingia moja kwa moja kutoka kwenye nyaya za umeme hukaa karibu oktavu moja chini ya noti hiyo. Mvumo wa kapasita zilizochoka kwenye sehemu ya umeme ya ampu kwa kawaida ni wa hezi 100, juu kidogo tu ya G yako. Acha noti ilie pamoja na mvumo: kama ni hezi 100, utasikia sauti ikivimba na kunywea kama mara mbili kwa sekunde. Aliye Marekani, ambako umeme ni wa hezi 60, atafute hezi 120, kati ya A# na B.

Tahadhari moja: ampu ndogo ya mazoezi yenye spika ya inchi 8 haiwezi kutoa hezi 50 sawasawa. Utasikia zaidi zile sauti za juu yake, kwa hiyo usiamue kwa noti pekee. Kinachotoa hukumu ni kukata njia, na ndiko tunakokwenda.

Hatua ya 1: ampu peke yake

Chomoa kila kitu, mbele na nyuma. Hata gitaa. Washa ampu, weka volyumu unayotumia siku zote. Kama inavuma hivyohivyo, basi pedali zako hazina kosa. Ruka uende hatua ya 2. Kama iko kimya, chomeka gitaa peke yake mbele. Mvumo ukija, geuza mwili wako taratibu, kama digrii 90 kulia na kushoto. Ukipungua na kuongezeka kadiri unavyogeuka, ni pikapu za koili moja zinazonasa transfoma na taa za jirani. Lupu haihusiki.

Wakati huohuo zima vitu vya chumbani kimoja kimoja: chaja za simu, taa za tyubu, taa za LED za bei rahisi, dima, feni. Kama ukumbi unatumia jenereta au inveta, jaribu ampu kwenye umeme wa kawaida. Inveta nyingi za bei nafuu hazitoi wimbi laini bali la ngazi-ngazi, na ngazi hizo ndizo *zzzz* unayoisikia. Hakuna pedali itakayoitibu.

Hatua ya 2: jeki iliyokufa

Tengeneza kifaa hiki leo. Chukua jeki ya gitaa ya milimita 6.35, ifungue, lehemu kipande kifupi cha waya kiunganishe ncha na shina. Usiweke kebo. Ukiichomeka kwenye tundu la kuingizia sauti, tundu hilo linapewa ukimya kamili. Usiichomeke kamwe kwenye tundu la spika la ampu.

Iingize kwenye RETURN, na kitu kingine chochote kisiwepo. Umeitenga priampu na kuiacha pawa peke yake. Mvumo ukiendelea, uko kwenye pawa, kwenye umeme wa ndani, au kwenye saketi ndogo inayopokea sauti baada ya RETURN. Hiyo ni kazi ya fundi. Mvumo ukikoma, chanzo kiko kabla ya hapo: priampu, SEND, au vile vibati vya swichi. Kuingiza kebo iliyo wazi upande mmoja badala ya jeki hii hakukuambii kitu, maana kebo iliyo wazi ni antena.

Hatua ya 3: kebo fupi kutoka SEND hadi RETURN

Unganisha matundu hayo mawili kwa kebo fupi ya pedali, ya sentimita 30 hivi. Sauti sasa inazunguka nje badala ya kupita kwenye vibati. Kama ampu iliyokuwa inakwaruza, kufifia au kuvuma imetulia ghafla, umemkamata: vibati vya RETURN vimechafuka. Zima ampu, pulizia dawa ya kusafishia kontakti kidogo kwenye jeki, iingize na kuitoa mara nyingi, iache ikauke. Usitumie mafuta ya kulegezea nati. Yanaacha utelezi unaokusanya vumbi upya. Ukiwa na shoo usiku huohuo, iache ile kebo fupi hapohapo. Wapo wanaopiga nayo miaka yote na hakuna anayejua.

Papo hapo, shika nati za matundu hayo. Kwenye ampu zingine shina la tundu hupata ethi yake kupitia nati inayolibana kwenye bati. Nati iliyolegea inaleta mvumo unaokuja na kuondoka kila ukigusa kebo. Ibane kwa spana, usizungushe tundu zima, utavunja lehemu ya ndani.

Hatua ya 4: kebo ndefu, bila pedali

Sasa chukua zile kebo mbili ndefu unazotumia kwenda kwenye ubao wa pedali na kurudi, ziunganishe mwisho wake kwa kiunganishi, au kwa pedali moja ambayo sauti hupita hata isipowashwa. Mvumo ukiingia hapa, kosa ni la kebo au la njia zinakopita.

Hapa ndipo kebo ya spika hujificha. Dukani zinafanana: jeki ileile, plastiki nyeusi ileile. Lakini kebo ya spika ina nyaya mbili zinazolala sambamba, ilhali ya gitaa ina waya mmoja wa kati uliozungukwa na wavu wa shaba. Wavu ndio unaozuia kelele. Fungua jeki utazame. Ukikuta nyaya mbili nene bila wavu, irudishe kwenye spika.

Kama kebo ni sahihi, tazama njia yake. Kebo za lupu hupita nyuma ya ampu, pale pale ilipo transfoma ya umeme. Zipitishe upande mwingine. Zisilale sambamba na waya wa umeme wala ekstensheni. Zikilazimika kukutana, zipishane kwa pembe mraba.

Hatua ya 5: pedali moja, kwa betri

Weka pedali moja kwenye lupu, iendeshe kwa betri ya volti 9. Kimya? Chomoa betri, weka adapta. Mvumo ukirudi, mchawi ni adapta au namna inavyogawa umeme. Adapta moja yenye mkia wa plagi tano inafaa pedali za kawaida, lakini dilei na riverbu za dijitali zina saketi inayowaka na kuzima kwa kasi kubwa, na kelele hiyo husafiri kwenye mkia uleule hadi kwa wenzake. Husikika kama mluzi mwembamba au *tiki-tiki*. Zipe pedali za dijitali adapta yao, au nunua pawasaplai ambayo kila tundu lake limetengwa na mengine. Soma neno hilo kwenye boksi, maana zipo zenye matundu mengi ambayo ndani ni waya mmoja. Angalia pia miliampia: pedali za dijitali nyingi hula 100 au zaidi, nazo zikinyimwa huanza kunung'unika.

Ongeza pedali inayofuata, sikiliza, kisha nyingine. Usiongeze mbili kwa pamoja.

Hatua ya 6: kebo nne, na mzunguko wa ethi

Hapa ndipo kesi nyingi zinapoishia, kwa hiyo tukae kidogo. Mfumo wa kebo nne ni huu: gitaa linaingia kwenye malti-efekti (kifaa kimoja chenye efekti nyingi), malti-efekti inapeleka sauti mbele ya ampu, SEND ya ampu inarudi kwenye malti-efekti, malti-efekti inamalizia RETURN. Unapata distoshani kabla ya priampu na dilei baada yake, kwa mguu mmoja. Ni mpangilio mzuri, na ni mtambo wa mvumo.

Sababu: mashina ya matundu yote ya ampu hukutana kwenye bati moja. Mashina ya matundu yote ya malti-efekti nayo hukutana. Ukiunganisha vifaa viwili hivyo kwa kebo tatu, wavu wa kebo moja na wavu wa nyingine vinafanya pete kubwa ya shaba sakafuni. Uga wa sumaku wa transfoma yoyote ukipita ndani ya pete hiyo unazalisha mkondo, na mkondo huo ukipita kwenye wavu unaacha volti ndogo ambayo ampu inaihesabu kuwa muziki.

Uthibitisho ni rahisi. Mfumo ukiwa unavuma, chomoa kebo ya mbele ya ampu, uweke jeki iliyokufa mahali pake. Kimya. Irudishe, kisha chomoa SEND na RETURN badala yake. Kimya tena. Kila upande peke yake ni mzima, vikikutana vinavuma: huo ni mzunguko wa ethi, na kubadilisha kebo hakutakusaidia.

Dawa ya bure ni kuifanya pete iwe nyembamba. Kebo zote zinazokwenda kwenye ampu zifunge pamoja, zibanane urefu wote, badala ya mbili kupita kushoto na moja kulia. Usipojaribu huwezi kuamini mvumo unavyopungua.

Ikibaki, kata pete kwa transfoma ya sauti, ya uwiano wa 1:1, isiyokuza wala kupunguza. Sauti huvuka ndani yake kwa sumaku, na ethi ya upande mmoja haigusi ya upande wa pili. Iweke kwenye kebo inayoingia mbele ya ampu, kwa sababu volti yoyote chafu inayoingia hapo inazidishwa na geini yote, ilhali ya RETURN inazidishwa kidogo. Kasoro ya transfoma za bei ya chini ni kula besi unapoisukuma sauti kwa nguvu. Mpiga besi ataigundua kabla yako.

Njia ya fundi mwenye mkono mzuri ni kukata wavu upande mmoja tu wa kebo hiyohiyo. Ethi ya sauti itapata njia kupitia kebo za lupu. Ukifanya hivyo, izungushie utepe mwekundu na uandike, maana kebo hiyo ikitumika peke yake mahali pengine itavuma kuliko ulikotoka.

Pete ya namna hii haianzii kwenye pedali tu. Kanisani ampu hutoa waya kwenda kwenye miksa, na miksa imechomekwa soketi ya ukuta wa pili. Hapo tumia DI boksi, kisanduku kinachokaa kati ya ampu na miksa, na ubonyeze swichi iliyoandikwa GND LIFT. Hiyo inakata ethi ya sauti, si ya umeme, kwa hiyo ni salama. Na ikiwezekana, ampu, pedali na miksa vitumie umeme wa soketi moja, mradi soketi na ekstensheni zinahimili mzigo.

Ile shhh

Kama kelele yako haina noti, suala si ethi bali viwango. Tafuta nyuma ya ampu swichi yenye +4 na -10. Ya kwanza ni ya vifaa vya studio, karibu volti 1.23; ya pili, karibu volti 0.316, inakaribia zaidi pedali za sakafuni. Tofauti ni kama mara nne. Pedali ina shhh yake isiyobadilika. Ukiipelekea sauti ndogo kisha ampu iikuze inaporudi, umeikuza na shhh yake pia. Kwa hiyo pandisha SEND mpaka pedali ikaribie kuchanika, rudisha nyuma kidogo, kisha shusha RETURN. Wengi wanafanya kinyume chake.

Lupu yenye nobu ya MIX inachanganya sauti ya pedali na sauti kavu ya ampu. Hapo weka pedali yenyewe itoe efekti tupu, asilimia 100. Ikiacha sauti kavu ipite, sauti mbili zitakutana na kufutana, utapata sauti nyembamba ya ajabu utakayodhani ni ubovu.

Nois geti ninaiweka mwisho kabisa. Inafunga mlango ukiacha kupiga, lakini ukipiga tu, kelele yote inapita chini ya noti. Kwa shhh ya geini kubwa ni sawa. Kwa mvumo wa ethi ni kuficha.

Ukimpelekea fundi

Mwambie matokeo ya jeki iliyokufa kwanza, na kama mvumo ni wa 50 au 100. Utampunguzia saa nzima ya kutafuta. Kwenye ampu ya valvu, lupu mara nyingi inaendeshwa na ECC83, ambayo pia huitwa 12AX7, na valvu hiyo ikianza kuvuja kati ya hita na kathodi huleta hezi 50 papo hapo. Aibadilishe na nyingine nzima kabla ya kugusa chochote. Ni dakika chache, ampu ikiwa imezimwa na kupoa. Kwenye lupu za opampu (chipu ya kukuza sauti), apime volti za pande mbili zinazoilisha. Katika familia ya Hot Rod zinatoka kwenye rezista mbili za ohmu 470 za wati 5 zinazopata moto mkali hadi lehemu yake kupasuka; volti ya upande mmoja ikipungua, lupu na riverbu huugua pamoja. Matundu yaliyolehemiwa moja kwa moja kwenye bodi ayatazame kwa lenzi, kwa sababu kila kebo iliyowahi kukanyagwa ilivuta hapo. Kapasita za umeme ziwe za mwisho, isipokuwa kama hezi 100 ilibaki hata jeki iliyokufa ikiwa kwenye RETURN. Hapo zinakuwa za kwanza.